Hesabu za Nyumba: Safu Iitwe kwa Jina Lake

Wafikiriwe akina mama ishirini na wanne wa Kamembe, wilayani Rusizi, mahali ambapo mtu akisimama kilimani huona ziwa Kivu chini yake na nyumba za Bukavu ng'ambo. Waume wa wengi wao ni askari wa jeshi na wa polisi, na wachache miongoni mwao ni askari wenyewe. Wameunda chama cha akiba, kile ambacho Wanyarwanda hukiita ikimina na ambacho huko Kongo huitwa likelemba. Kila mwezi kila mwanachama hutoa faranga 5,000. Miezi sita ikipita michango inafika faranga 720,000, na katika fedha hizo hukopeshana wao kwa wao: huyu akanunue mchele wa Bugarama aje auuze sokoni, yule akachukue sambaza za ziwani kabla jua halijawa kali, na mwingine alipe ada ya mtoto shuleni. Mapatano yao ni kwamba marejesho yaanze mwezi wa saba.

Mhazini wao ni mama kijana ambaye mumewe yuko safarini katika kazi ya kulinda amani. Walimchagua kwa sababu mbili: ni mwaminifu, na ana kompyuta nyumbani. Hesabu zote ameziweka humo katika lahajedwali, yaani lile jedwali la kompyuta lenye safu zisimamazo na mistari ilalayo, ambalo hujumlisha lenyewe pindi mtu aandikapo tarakimu. Ukurasa wa kwanza ni wa michango, wa pili ni wa mikopo, na wa tatu ni muhtasari mfupi: michango yote, mikopo yote, na salio.

Siku ya mkutano wa mwezi wa sita muhtasari unaonyesha salio la faranga 310,000. Kasha la fedha linafunguliwa mbele ya wote, noti zinahesabiwa mara mbili, na kilichomo ni faranga 235,000. Pungufu ni faranga 75,000. Mhazini anahesabu mara ya tatu, na mikono yake inatetemeka. Hakuna anayetaja neno wizi. Mwenyekiti anasema tu, tena kwa upole, kuwa jambo hili litabidi lifikishwe kwa waume. Kila mke wa askari anajua uzito wa maneno hayo. Mahali ambapo familia huishi ukuta kwa ukuta, na watoto huenda shule moja, shaka ya namna hii haikai ndani ya chama. Hufika kambini kabla ya chakula cha usiku, na hufika ikiwa imenenepa njiani.

Basi fedha zilikwenda wapi? Hazikwenda popote pasipojulikana. Katika ukurasa wa muhtasari, mbele ya maneno "mikopo yote", mhazini alikuwa ameandika kanuni hii: =SUM(D2:D9). Maana yake ni kuiambia mashine ijumlishe kila kilichomo katika safu ya D, tangu mstari wa pili hadi wa tisa. (Kompyuta ambayo programu yake imewekwa kwa Kifaransa, na zipo nyingi Rusizi, hupenda iandikiwe SOMME badala ya SUM, jambo ni lile lile.) Siku alipoiandika kanuni hiyo mikopo ilikuwa minane, jumla yake faranga 410,000, na kanuni ilikuwa kweli tupu. Baadaye wakakopeshwa wanachama wawili zaidi, mmoja faranga 40,000 na wa pili faranga 35,000. Mhazini aliwaandika vema katika mstari wa 10 na wa 11, pamoja na tarehe zao, na sahihi zao zimo katika daftari. Lakini kanuni iliyoko katika ukurasa mwingine haikupata habari. Iliendelea kuishia mstari wa tisa, kama ilivyoamriwa. Mikopo ilikuwa faranga 485,000, nayo mashine ikasema 410,000; na tofauti ya faranga 75,000 ikaonekana kama fedha ambazo zingepaswa kuwamo katika kasha.

Ubaya wa kosa la namna hii ni ukimya wake. Mtu akigawanya kwa sifuri, mashine hupiga kelele na kuandika alama za kutisha katika kisanduku. Lakini akijumlisha mistari minane badala ya kumi, mashine humpa tarakimu safi iliyonyooka, isiyo na doa lolote la kumfanya mtazamaji atie shaka. Hata wale wawili waliokopa mwisho walikaa kimya mkutanoni, kwani kila mmoja aliamini kuwa mkopo wake umekwisha kuhesabiwa.

Askari atalielewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine, maana analo katika gwaride. Sajini aweza kumwita mtu kwa mahali asimamapo, akasema "wa tatu kutoka kushoto, mbele hatua moja". Amri hiyo ni sahihi maadamu mstari haujabadilika. Siku askari mmoja akilazwa hospitalini, au wapya wawili wakiongezwa mwishoni, wa tatu kutoka kushoto ni mtu mwingine kabisa, naye atatoka mbele kwa utii ule ule. Lakini sajini akiita kwa jina, atatokea anayetakiwa, asimame popote asimamapo. D2:D9 ni kuita kwa mahali. Neno "Mikopo" ni kuita kwa jina.

Katika daftari la karatasi hakuna aliyewahi kupata taabu hii. Bibi aliyeuza samaki pwani ya Kivu miaka hamsini iliyopita, ikiwa aliandika hesabu yoyote, alichora mistari, akaandika juu ya kila safu kichwa chake, na mwisho wa ukurasa akajumlisha vyote vilivyo chini ya kichwa hicho. Hakuambiwa na mtu aishie mstari wa tisa. Anwani za herufi na tarakimu zilikuja na mashine. Programu iliyozieneza ni VisiCalc, iliyotolewa mwaka 1979 na Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Herufi kwa safu, tarakimu kwa mstari, mfano wa ramani yenye miraba. Na mtindo huo ukarithiwa na programu mashuhuri zilizofuata, Lotus 1-2-3 mwaka 1983 na Excel mwaka 1985. Ulikuwa mtindo wa busara, wala hauna haja ya kutupwa. Ila ulimfanya mwanadamu azungumze kwa lugha ya mashine, na akili ya mwanadamu haikuumbwa kukumbuka kuwa D ni mikopo na F ni marejesho.

Watengenezaji wenyewe waliliona hilo. Katika Excel ya mwaka 1997 mtu aliweza kuandika kichwa cha safu ndani ya kanuni moja kwa moja, na programu ikafahamu kuwa anataka vilivyo chini yake. Katika toleo la mwaka 2007 njia hiyo iliondolewa, na majalada ya zamani yalipofunguliwa, majina yakageuzwa kuwa anwani. Mahali pake pakawekwa njia nyingine iliyo madhubuti zaidi, ya majedwali yenye jina, nayo ndiyo itumikayo hadi leo.

Asidhani mtu kuwa makosa ya mistari iliyosahauliwa ni ya akina mama wa vyama vya akiba tu. Mwaka 2010 maprofesa wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala juu ya madeni ya mataifa na ukuaji wa uchumi, na makala hayo yalitajwa sana na viongozi wa Ulaya na Marekani waliotaka matumizi ya serikali yapunguzwe. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alipewa jedwali lenyewe akalikagua. Akakuta kanuni ya wastani inaishia mstari wa 44 badala ya wa 49. Nchi tano kati ya ishirini zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Hilo halikuwa kosa pekee alilolitaja yeye na walimu wake, wala halikuwa kubwa kupita mengine, lakini ndilo lililoshangaza watu, na maprofesa wale walikiri kuwa lilikuwapo. Mistari mitano iliyosahauliwa ilikaa miaka mitatu mbele ya macho ya wataalamu wa dunia. Mistari miwili ya mhazini wa Kamembe ina udhuru.

Sasa yatazamwe matengenezo. Kwa mwenye Excel, kazi ni ya dakika tano. Aweke alama ya kuteua ndani ya orodha ya mikopo, mahali popote, kisha abonyeze Ctrl pamoja na T. Programu itamwuliza kama orodha ina vichwa, akubali. Rangi za mistari zitabadilika, na orodha itakuwa jedwali rasmi. Jedwali hilo hupewa jina na programu yenyewe, jina lisilo na maana, basi ni wajibu wa mwenye hesabu kulibadili katika kile kisanduku cha jina kilichoko juu, katika utepe wa muundo wa jedwali, na kuliita Mikopo. Jina lisiwe na nafasi ndani yake. Baada ya hapo, katika ukurasa wa muhtasari, aandike hivi: =SUM(Mikopo[Kiasi]). Maana yake haihitaji mkalimani: jumlisha Kiasi chote kilichomo katika Mikopo. Mkopo mpya ukiandikwa mara chini ya ule wa mwisho, jedwali hujitanua na kuupokea, na jumla huongezeka papo hapo, hata kama iko ukurasa mwingine. Na ikiwa siku moja kichwa "Kiasi" kitabadilishwa kuwa "Mkopo", kanuni zote zilizokitaja hubadilika zenyewe.

Yako pia matumizi ya ndani ya mstari mmoja. Ikiwa jedwali lina safu ya Mkopo na safu ya Marejesho, na mhazini ataka kujua kila mwanachama bado anadaiwa nini, katika safu ya tatu aandike =[@Mkopo]-[@Marejesho]. Ile alama ya @ humaanisha "ya mstari huu huu". Mtu akiisoma kanuni hiyo baada ya mwaka mzima, au mhazini mwingine akikabidhiwa kazi kwa sababu wa kwanza amehamishwa pamoja na mumewe kwenda kituo kingine, ataielewa bila kuulizia. Kwa familia za askari hilo si jambo dogo. Uhamisho huja kwa barua moja, na makabidhiano ya hesabu aghalabu hufanyika huku magodoro yamekwisha kufungwa.

Kichwa chenye nafasi ndani yake, kama vile "Tarehe ya Mkopo", chakubalika, lakini kikitumiwa na @ hudai mabano mawili mawili, na mabano yakizidi macho huchoka. Neno moja latosha.

Wasio na Excel wanayo LibreOffice, ambayo hutolewa bure na hufanya kazi hata katika kompyuta kuukuu. Humo kuna njia inayofanana na ile ya zamani. Mtu huingia katika mapendeleo ya programu, sehemu ya Calc, mlango wa ukokotoaji, na kuweka alama penye kibali cha kutafuta vichwa vya safu na mistari moja kwa moja. Kibali kikiwa kimewashwa, aandike kichwa ndani ya alama moja moja za kunukuu: =SUM('Kiasi'). Kichwa na kianze kwa herufi, wala kisiwe tarakimu tupu. Kwa wanaotumia majedwali ya Google kwa simu na kompyuta, majina ya maeneo yamekuwapo kwa muda mrefu, na tangu mwaka 2024 majedwali yenye majina yapo humo pia.

Hata hivyo jina nalo lina adabu zake. La kwanza ni kwamba vichwa visifanane. Jedwali lenye "Kiasi" mbili haliwezekani katika Excel. Programu itaibatiza ya pili "Kiasi2", na baada ya miezi mitatu hakuna atakayekumbuka Kiasi2 ni kiasi cha nini. Lugha ya vichwa iwe moja. Kamembe mtu aweza kukuta daftari ambalo safu ya kwanza ni itariki, ya pili ni amazina, ya tatu imeandikwa kwa Kifaransa na ya nne kwa Kiswahili. Mashine haijali, wanachama ndio watakaotaabika. Wachague lugha ambayo wote wanaisoma.

Kichwa kitaje pia aina ya fedha. Rusizi ni mpakani, na mwanachama anayeuza Bukavu aweza kurudi na faranga za Kongo au dola. Safu yenye kichwa "Kiasi" itazimeza zote tatu na kuzijumlisha kana kwamba ni kitu kimoja, na jibu litakuwa upuuzi ulioandikwa vizuri. Kichwa "KiasiRWF" kinamkumbusha anayeandika kuwa hapa zinaingia faranga za Rwanda peke yake.

Na lipo la nukta na mkato, ambalo katika nchi iliyolelewa na Kifaransa kisha ikahamia Kiingereza lina hatari ya pekee. Kompyuta iliyowekwa kwa Kiingereza husoma nukta kama mwanzo wa sehemu ndogo ya namba. Iliyowekwa kwa Kifaransa husoma mkato hivyo. Basi mwanachama akizoea kuandika 40.000 katika kompyuta ya Kiingereza, mashine huelewa arobaini tu. Akiandika 40,000 katika ya Kifaransa, ni arobaini vile vile. Mkopo wa faranga elfu arobaini umegeuka faranga arobaini, kichwa cha safu ni sahihi, kanuni ni sahihi, na jumla ni uongo. Dawa ni kuandika 40000, bila alama yoyote, na kuiachia programu iweke alama zake yenyewe.

Onyo jingine lahusu mstari wa jumla ambao Excel huweza kuuweka chini ya jedwali. Mstari huo huhesabu yale yanayoonekana tu. Mhazini akichuja orodha ili atazame mikopo ya mwanachama mmoja, jumla ya chini huwa ya mwanachama huyo, nayo husomeka kama ya chama kizima kwa asiyejua. Kwa hiyo muhtasari uandikwe kwa SUM katika ukurasa wake, ambayo hujumlisha yote, yaliyofichwa na yasiyofichwa.

Wala jina haliponyi kila ugonjwa. Mwaka 2020, wakati wa Korona, Uingereza ilikosa kuhesabu kwa wakati wagonjwa 15,841, kwa sababu taarifa zao ziliingizwa katika majalada ya Excel ya mtindo wa zamani yasiyopokea zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilidondoka. Hapo hata vichwa vizuri namna gani visingesaidia. Chama cha watu ishirini na wanne hakitafika huko, lakini ni vema mtu ajue kuwa chombo chochote kina mwisho wake.

Mkutanoni Kamembe aliyelifumbua jambo alikuwa mmoja wa akina mama, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hakujua mengi ya kompyuta. Aliomba daftari la sahihi akaliweka mapajani.

"Dada, mikopo ni mingapi?" akauliza.

"Kumi," akajibu mhazini.

"Na hiyo mashine imehesabu mingapi?"

Mhazini akakifungua kile kisanduku cha jumla, akaisoma kanuni kwa sauti, na alipofika penye D9 akanyamaza. Tangu mstari wa pili hadi wa tisa ni minane. Mwalimu alikuwa amekwisha kuweka kidole juu ya sahihi mbili za mwisho.

Zikaongezwa faranga 40,000 na 35,000, kwa kalamu, juu ya bahasha. Salio likawa 235,000, kama lilivyo katika kasha. Mwenyekiti, ambaye ni mama wa makamo na hakuwa na haraka ya kusema, akamwomba mhazini radhi mbele ya wote, kwa kuwa shaka nayo ilikuwa imeonyeshwa mbele ya wote. Habari ya kuwafikishia waume haikutajwa tena.

Usiku ule mhazini aliligeuza jedwali, akalipa jina, na katika muhtasari akaandika kanuni mbili badala ya moja. Ya kwanza ni =SUM(Mikopo[Kiasi]). Ya pili ni =ROWS(Mikopo), ambayo huhesabu mistari iliyomo, na mbele yake akaacha mahali pa kuandika, kwa mkono wa mwanachama mwingine asiye yeye, idadi ya sahihi zilizomo katika daftari. Tarakimu hizo mbili husomwa kwanza kila mkutano, kabla kasha halijafunguliwa. Mwezi uliofuata ukatoka mkopo wa kumi na moja, faranga 30,000, wa mama aliyetaka kununua mchele. Mhazini akauandika katika mstari wa 12, wenzake wakiwa wamesimama nyuma ya kiti chake, na mikopo yote ikasoma 515,000 kabla hajanyanyua kidole kutoka katika kibonyezo.